Magoti ya Mwenye Fahali

Kwa miaka saba mizima, mimi mtu mzima, mwenye mke, watoto watatu na cheti cha ngumbaru kilichotiwa fremu ukutani, niliamini kwamba jirani yetu mmoja pale Malinya alikuwa akitembelea magoti ya ng'ombe.

Sisemi kwa mafumbo. Niliamini hivyo hivyo kama unavyosoma. Habari ilikuwa hivi: fahali wake wa kwanza alikufa uwanjani siku ya mapigano ya mafahali, na daktari wa mifugo, aliyekuwa amekuja na pikipiki, akampasua pale pale, akatoa magoti mawili ya mbele yakiwa bado ya moto, akamshonea mzee kwa uzi wa magunia. Tangu siku hiyo mzee hakuteleza tena. Aliyenipa habari hiyo ni kinyozi wa sokoni, ambaye ana tabia ya kukusimulia mambo wakati wembe uko chini ya kidevu chako, na mtu akiwa katika hali hiyo hana nafasi ya kubisha.

"Usiniulize kama ni kweli," kinyozi aliniambia. "Wewe jiulize tu: umewahi kumwona na tope?"

Nikajiuliza. Nikatafuta kichwani tangu utotoni. Sikuwa nimewahi.

Na hapo ujue ninazungumzia Malinya wakati wa masika, ambapo tope humfikia hata kunguru aliye juu ya mkaratusi. Mchungaji alikuja kanisani na tope mpaka kwenye kola. Huyu mzee peke yake alitembea kati yetu akiwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi, mkunjo umesimama mbele kama ukuta wa benki.

Tulimwita Mwenye Fahali, ingawa fahali hakuwa wake. Alikuwa wa shemeji yake aliyefanya kazi mjini, ambaye alifika mara moja kwa mwaka, akampigapiga ng'ombe mgongoni kwa woga, akarudi alikotoka. Aliyemlisha, aliyemtembeza, aliyemsemesha na kumpeleka uwanjani Jumamosi akizungukwa na ngoma za isukuti ni mzee huyu. Basi jina likamfuata anayenuka samadi. Lakini hata samadi hakunuka. Alinuka sabuni ya kipande.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Hakupenda kelele, na kazi yake ilikuwa ya kelele kuliko kazi zote za kwetu Ikolomani. Wakati vijana wanapuliza pembe na kurukaruka mbele ya fahali, yeye alitembea kando ya shingo la mnyama akimnong'onezea kama mtu anayemweleza mgeni njia ya choo. Jumapili aliimba sauti ya nne katika kwaya, na mchungaji alipohubiri dhidi ya watu wanaokesha na ng'ombe, yeye ndiye aliyeitikia "Amina" kabla ya wote. Sisi aliotufunza baadaye alituzuia kunywa chai asubuhi, akisema chai inalegeza mapaja, kisha mke wake alipoleta birika alikunywa vikombe kumi na saba. Naam, labda sita. Lakini alikunywa akitutazama machoni.

Hakuwa mtu wa kusifu wala kupokea sifa. Ukimwambia "Asante, Mzee," aliangalia nyuma yake, kana kwamba kuna mzee mwingine amesimama pale. Akitaka kukuambia umefanya vizuri, aliweka kiganja nyuma ya shingo yako, akakiacha hapo kidogo, akasikiliza jasho. Ndivyo alivyomfanyia fahali pia. Mimi nimepewa vyeti, nimepigiwa makofi siku ya kufuzu ngumbaru, chifu akatusomea hotuba ndefu kama reli. Lakini kile kiganja nilikipata mara mbili tu, na nikikumbuka mpaka leo shingo inapata joto.

Sasa nieleze nilivyoingia mikononi mwake.

Nilikuwa mkata miwa wa kibarua upande wa Lurambi. Kibarua ni mtu ambaye kila asubuhi anangoja kusikia jina lake, na asubuhi nyingine jina halisomwi. Katika kiwanda cha sukari kulikuwa na kazi moja ambayo sisi wote tuliiota, nayo ni kikosi cha kuzima moto wa mashamba. Hao walikuwa waajiriwa wa kudumu. Walikuwa na nyumba ya bati yenye vyumba viwili, buti, na kofia ngumu nyekundu ambayo ilimfanya hata mtu mwenye sura kama yangu aonekane ameitwa na serikali. Kila mwaka, masika yakianza na mashamba yakilowa, walichukua watu wanane wapya. Masharti yalikuwa matatu: ujue kusoma na kuandika, usiwe umepita miaka thelathini, na uwe kati ya wanane wa kwanza katika mbio.

Zile mbio, ndugu yangu! Zilikuwa mbio za matope na vizuizi. Unaanza na gunia la mchanga uliolowa begani. Unapanda ukuta wa magogo yaliyopakwa utelezi na mvua. Unatambaa chini ya waya huku unakokota mpira wa maji. Unavuka mto kwa kamba. Halafu mitaro ya shamba la miwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja una tope la kukufikia kiunoni, na mtaro wa mwisho uko mbele ya watu wote waliokuja kutazama.

Kwa ajili ya sharti la kwanza nilikaa ngumbaru miaka minne. Nilianza bila kujua herufi inashikwa upande gani. Nikatoka naweza kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Tatizo ni kwamba wakati herufi zinaingia, miaka nayo ilikuwa inakwenda. Mwaka ule wa tisini na mbili, kwa hesabu ya mama yangu, nilikuwa nimebakiza miezi miwili nifike thelathini. Kwa hiyo nilikuwa na mbio moja tu. Mke wangu alijua, mama alijua, na nadhani hata kuku walijua.

Kinyozi naye alitaka kujaribu. Alisema amechoka kushika vichwa vya watu. Mvua ilipokatiza ukataji wa miwa, matrekta yakiwa yamezama mashambani kama viboko, nilirudi nyumbani, tukaenda wawili kwa Mwenye Fahali. Tulimkuta anamkwangua fahali kwato.

"Mzee, mulembe," nikasema. "Tunataka utufunze mbio."

"Mimi nafunza ng'ombe."

"Ndio sababu tumekuja," akasema kinyozi. "Wa kufunza watu wote wamelewa."

Mzee hakucheka. Aliniangalia miguu, akaniangalia mabega, akazunguka nyuma, akarudi mbele. Sijawahi kuhisi bei yangu ikikadiriwa namna ile.

"Huyu anakula sana," alimwambia kinyozi kama vile sipo. "Na wewe unaongea sana. Kesho saa moja. Msinywe chai."

Alitufunza kama alivyojua, na alichojua ni fahali. Alituamuru tuje kwa njia ileile kila siku, kwa sababu fahali anayebadilishiwa njia anapoteza moyo. Alitukataza tusionane na washindani wengine, wala tusiende kuchungulia uwanja wa kiwanda, kwa sababu fahali haonyeshwi adui kabla ya siku. Alitutenga mimi na kinyozi, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, tusizoeane tukahurumiana. Asubuhi ya kwanza mke wake alituletea uji uliochanganywa na machicha ya pombe ya busaa, chakula ambacho fahali hupewa apate hasira. Kinyozi, ambaye alikuwa ameokoka, alikataa akiwa ameshika Biblia ya mfukoni. Mimi nilikunywa sehemu yangu na yake, kwa sababu ya nidhamu.

Mke wa mzee alikuwa mama mpole mwenye maneno machache. Aliweka sufuria, akatazama mume wake, akatazama sisi, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilidhani anatudharau.

Uwanja wetu ulikuwa kule bondeni, penye mashimo ya zamani ya dhahabu. Wachimbaji walikuwa wameyaacha, mvua ikayajaza, yakawa mitaro ya tope jekundu, zito kama obusuma, ugali wetu, uliokosa maji. Mzee alilaza magogo juu ya mengine, akafunga kamba ya fahali kutoka mti hadi mti, akatupa mizigo ya mawe. Kisha akasema neno ambalo nililisikia mara elfu tatu katika mwezi ule.

"Fuata mguu wangu."

Akatangulia. Hapo ndipo nilipoamini habari ya kinyozi kwa moyo wangu wote. Mzee wa miaka sitini na kitu, suruali imepigwa pasi, aliingia katika lile tope bila haraka, akaweka mguu hapa, akavuta, akaweka pale, akazunguka kidogo mahali ambapo mimi sikuona sababu ya kuzunguka, akatokea ng'ambo. Tope lilikuwa limemfika chini ya goti tu. Sisi tulipomfuata, tulianguka mpaka vyura wakahama.

"Ni magoti," kinyozi alininong'oneza akitema tope. "Nilikuambia."

"Sisi tutayapata wapi?"

"Labda akikuamini atakuachia urithi."

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikuwa natania. Kila siku nilimtazama yule mzee akivuka bila kuanguka, na kila siku kitu fulani kilijengeka ndani yangu: kwamba kuna watu wa kuanguka na kuna watu wasioanguka, na kazi yangu yote mwezi ule ni kuhama kutoka kundi moja niingie jingine. Wiki ya tatu nilianza kuanguka mara chache. Wiki ya nne nikavuka mashimo yote matano bila kugusa chini, na mzee akaweka kiganja nyuma ya shingo yangu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu aanze kufikiria mapazia ya vyumba viwili.

Alikuwa na misemo yake, lakini si ya hekima kama ile ya wazee wa redioni. Ilikuwa ya kazi. Ukilalamika kuhusu mvua alisema, "Hiyo ni yake." Ukimwuliza kesho itakuwaje, "Kesho haijalishwa." Ukichoka, "Choka ukitembea." Siku moja nilimwuliza fahali akishindwa inakuwaje, ana kumbukumbu? Akafikiri sana.

"Anakumbuka," akasema. "Lakini hajui kwamba sisi pia tunakumbuka. Hiyo inamsaidia."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu la ngumbaru, kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Siku ya mbio ilinyesha kama mbingu imepasuka mshono. Tulikuwa watu sitini. Mzee alikuja kutazama, kwa basi, na viatu vyake vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni mpaka alipofika ndipo akavivaa. Alisimama karibu na mtaro wa mwisho, nyuma ya kamba, pamoja na wake na mama za watu.

Nataka niseme ukweli bila chumvi, na mnajua kwangu hiyo ni kazi. Nilikimbia vizuri. Gunia sikulisikia. Ukuta nilipanda kama paka wa kanisani. Katika waya niliacha ngozi kidogo, kwenye mto niliwapita watu watatu waliokuwa wananing'inia kwenye kamba kama nguo. Nikaingia mitaro. Mguu hapa, vuta, pale. Nilipotoka katika mtaro wa kabla ya mwisho nilihesabu migongo iliyo mbele yangu, ikawa mitatu. Nilikuwa wa nne. Wanane wanachukuliwa. Niliiona kofia nyekundu, naapa, ilikuwa inaelea mbele yangu.

Katika mtaro wa mwisho nikaanguka.

Si kuanguka kwa kupiga goti. Nilikwenda mzima mzima, uso mbele, mdomo wazi. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wanapiga kelele, na kelele ile naijua tangu nikiwa mdogo. Kwetu uwanjani fahali mmoja akienda chini, watu hupiga kelele hiyohiyo, huvamia uwanja, humzunguka mshindi kwa ngoma, na aliyeanguka huondolewa kwa upole, mapigano yamekwisha. Hakuna anayemngoja ainuke. Basi mimi nikakaa. Sikuwa nimeumia hata ukucha. Nilikaa ndani ya tope nikiwa nimekunja miguu, nikangoja waje wanitoe.

Walikuja, ila walikuja wakikimbia, wakinipita. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Baadhi yao walianguka kando yangu, wakainuka, wakaenda. Halafu nikaona kichuguu kinatembea. Kilikuwa kinyozi. Alikuwa ameanguka katika kila mtaro tangu wa kwanza. Hakuna sehemu yake iliyoonekana ila meno.

"Kwani umeletewa chai?" akanipigia kelele. "Inuka!"

Akaanguka tena, akainuka, akapanda ukingo kwa magoti na viwiko. Akawa wa nane.

Nilipotoka mwenyewe mtaroni, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mzee alikuja akasimama mbele yangu na viatu vyake vinavyong'aa.

"Kwa nini ulikaa?"

"Nilianguka, Mzee."

"Sijauliza hiyo. Nimeuliza kwa nini ulikaa."

Jibu nilikuwa nalo. Lakini utamwambiaje mtu wa magoti ya ng'ombe kwamba umekaa kwa sababu wewe una magoti ya kawaida? Nikatazama chini. Akavua viatu, akavirudisha kwenye mfuko, akaenda kupanda basi.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, nilimsikia akikohoa nje ya mlango wangu. Niliruka nyuma ya kitanda. Mke wangu akamwambia nimesafiri Mautuma kwa shangazi. Kesho yake akaja tena, akakohoa, akasimama. Siku ya tatu pia. Mbio zilikuwa zimekwisha, miaka yangu ilikuwa imekwisha, hakukuwa na jambo lolote duniani la kunifunza. Sikujua anataka nini na sikutoka kumwuliza. Siku ya nne hakuja.

Tangu hapo nikamkwepa. Ukiwa jirani wa mtu, kumkwepa ni kazi ya kutwa. Nilizunguka kupitia kwa wanyonge na kwa matajiri ili nisipite mbele ya boma lake. Kanisani niliketi nyuma ya mama mmoja mnene. Kinyozi alihamia kwenye nyumba ya vyumba viwili, akanitumia salamu. Mimi nikaendelea kukata miwa, baadaye nikapewa kazi ya kuwasomea wenzangu majina asubuhi, kwa sababu nilijua kusoma. Kila jina nisilolisoma, lina mwenyewe amesimama ananitazama.

Miaka ile saba ilipokaribia kwisha, mke wangu akaniambia Mwenye Fahali hatoki tena nyumbani, miguu imemshinda. Shemeji alikuwa ameshamuuza ng'ombe.

"Utaenda kumwona akiwa mzima au unangoja wapige ngoma?" akaniuliza.

Nikachukua ingokho, kuku mmoja mwenye afya, nikamweka kwapani, nikaenda kwa njia iliyonyooka. Nilimkuta mzee kwenye kiti uani, blanketi mapajani, shati limepigwa pasi.

"Umetoka Mautuma?" akaniuliza.

Miaka saba! Nilicheka mpaka kuku akaniponyoka.

"Nimetoka, Mzee."

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo."

Swali lile jingine, la kwa nini nilikaa, hakuliuliza. Tulikaa. Mke wake alileta chai, na mzee akanisukumia kikombe cha kwanza. Baadaye alitaka kuingia ndani, nikamshika upande mmoja, mke wake akamshika mwingine. Blanketi likaanguka. Alikuwa amevaa kaptura, nami nikatazama. Yalikuwa magoti ya mtu. Membamba, meusi, na makovu juu ya makovu, kuliko magoti yoyote niliyowahi kuona, hata ya kinyozi. Tulipomlaza aliinua mkono akatafuta shingo yangu, akaipata, akaacha kiganja hapo. Kisha akalala.

Nilitoka uani nikiwa sijui niseme nini, na mimi nikikosa la kusema husema yote. Nikamsimulia mke wa mzee habari nzima: daktari wa mifugo, pikipiki, uzi wa magunia. Nikamwambia nilivyokaa mtaroni, na sababu. Alicheka sana, akajifuta macho kwa leso. Halafu akaacha kucheka.

"Na wewe uliamini? Na umesoma?"

"Sijawahi kumwona ameanguka hata siku moja, Mama."

"Ungemwona wapi? Alikuwa anaendanga huko bondeni saa kumi na moja alfajiri, kabla mfike, peke yake. Anaingia hayo mashimo mpaka anajua pa kukanyaga. Akirudi anaoga, anavaa nguo ingine, ndio anakuja kuwangoja. Alisema ninyi msimwone chini. Ati fahali akiona mtu wake chini hamsikii tena." Akachukua vikombe, akaviweka kimoja ndani ya kingine. "Nilimwambia hawa ni watu. Alikuwa anaangukanga kila siku, mwanangu. Mimi ndiye nilikuwa nafuanga hizo nguo."